Mcheza Kwao Hutuzwa: Habari za Baraza la Vibonzo la Jinja na Mbale

Wenzetu walimu wa Kiswahili, tunaomba ruhusa ya kuandika katika kurasa hizi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halielekei kuwa na uhusiano wowote na kazi yetu. Tumezoea kusoma humu habari za ngeli, za methali, za mizani ya mashairi na za mitihani, na hayo yote ni mema. Lakini wanafunzi wetu wanayo maisha yao nje ya madaftari, na katika maisha hayo limezuka jambo lililowafanya wasemezane Kiswahili kutwa nzima bila ya mwalimu kuwahimiza. Jambo lenyewe ni mapenzi yao ya filamu za vibonzo zitokazo Japani, ambazo wenyewe huziita anime, na ya hadithi za picha ziitwazo manga. Tumeyashuhudia mapenzi hayo katika miji miwili ya mashariki ya Uganda, Jinja na Mbale, yakianza kama mazungumzo ya vijana wachache chini ya mwembe hata yakawa baraza lenye kanuni zake. Twaona yafaa habari zake ziandikwe.

Kwanza tuyatazame majina, maana mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno asiligonge kusikia mlio wake. Mtu wa pwani akisikia "Manga" atawaza nchi ya Waarabu, na atakumbuka pilipili manga iliyomo jikoni mwake. Manga ya Wajapani ni neno jingine kabisa, lililoundwa kwa herufi mbili za picha: ya kwanza ina maana ya jambo la mzaha au lisilo na mpango, na ya pili ina maana ya mchoro. Anime nalo ni neno la Kiingereza lililokatwa mkia likavikwa nguo za Kijapani. Wajapani, kama sisi, hawapendi neno liishie kwa konsonanti, na neno la kigeni likiwajia hulitilia irabu. Gari kubwa la abiria sisi twaliita basi, wao basu. Vazi la juu la mwanamume sisi twaliita shati, wao shatsu. Kifaa cha kusugulia viatu sisi twakiita burashi, na wao, ajabu ya Mungu, hukiita burashi vilevile. Irabu zao ni tano kama zetu, na zatamkwa karibu sawa na zetu. Ndiyo maana mtoto wa Bugembe au wa Namatala huyataja majina marefu ya Kijapani bila kugugumia, ilhali majina ya Kifaransa humtoa jasho.

Asili ya sanaa hii katika televisheni yajulikana. Tarehe 1 Januari 1963, Osamu Tezuka, mtu aliyesomea udaktari akauacha kwa ajili ya kuchora, alianza kuonyesha kisa cha mtoto wa chuma ambaye nchi za magharibi zilimjua kwa jina la Astro Boy. Baada yake walifuata wengi. Akira Toriyama alianza kuchora Dragon Ball mwaka 1984, naye Masashi Kishimoto akaanza Naruto mwaka 1999, na kisa hicho kikaingia katika televisheni mwaka 2002. Hivi viwili ndivyo vilivyowateka zaidi vijana wetu. Naruto ni yatima anayebezwa na kijiji chake, naye ataka kijiji hicho kimtambue. Hatudhani pana haja ya kueleza kwa nini kisa cha namna hiyo kimepata wasikilizaji katika mitaa ya Mbale.

Lakini kilichotuvutia sisi zaidi ni habari za wapenzi wa sanaa hii kukusanyika. Huko Marekani, mwaka 1970, watu wapatao 300 walikutana katika hoteli moja ya San Diego kwa ajili ya vitabu vya katuni, na mkutano huo leo huhudhuriwa na watu zaidi ya laki moja. Huko Tokyo, tarehe 21 Desemba 1975, vikundi 32 vya wachoraji wasio na ajira ya uchoraji vilipanga meza zao ukumbini ili kuuziana vijitabu walivyovichapisha wenyewe, na watu kama 700 wakaja. Mkutano huo, uitwao Comiket, ulizaliwa kwa sababu vijana hao hawakuridhika na mkutano mkubwa uliokuwapo kabla yake, ambao waliona unawafungia mlango wakosoaji. Katika majira ya joto ya mwaka 2019 waliohudhuria Comiket kwa siku 4 walihesabiwa kuwa yapata 730,000. Tena wana kanuni moja ambayo tunaomba msomaji aishike, kwa kuwa tutairudia: katika Comiket hakuna mteja wala mgeni. Aliyekaa nyuma ya meza na aliyekuja kununua, na anayepanga foleni uani, wote ni washiriki, na wote wana wajibu wa kuulinda mkutano.

Je, vibonzo hivi vilifikaje kwetu? Njia ya kwanza ilikuwa kibanda cha video. Kila mwenyeji wa Uganda amekijua kibanda: chumba chenye mabenchi na televisheni, giza na joto, na kiingilio cha fedha kidogo. Humo filamu za kigeni hufasiriwa papo hapo na msemaji aitwaye viji, ambaye huitolea filamu maelezo kwa Kiganda, hugeuza majina, hutia utani, na pengine huzua mambo ambayo mtungaji hakuyawaza. Jina la VJ Jingo wa Kampala lajulikana hata kwa wasiojua jina la mwigizaji yeyote wa Hollywood. Tanzania nayo ilikuwa na wafasiri wa namna hiyo kwa Kiswahili, na kati yao Lufufu wa Dar es Salaam alipata sifa kubwa. Wako wasomi wanaoicheka kazi hiyo. Wangefanya vema kujua kwamba Japani yenyewe, katika enzi ya filamu bubu, ilikuwa na watu kama hao. Waliitwa benshi. Walisimama kando ya pazia, wakasema maneno ya wahusika wote, na watazamaji wengine walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi kuliko kwa ajili ya filamu. Filamu zenye sauti ziliwaondolea kazi katika miaka ya 1930. Basi mtoto wa Jinja aliyekutana na hadithi ya Kijapani kibandani, kwa kinywa cha viji, alikutana nayo kwa desturi ambayo Wajapani wenyewe wangeitambua. Baadaye zilikuja santuri za dukani, na baadaye simu za mkononi.

Tuje sasa kwa baraza lenyewe. Tulikuwa tukifundisha Jinja, na tulikuwa na jamaa na marafiki Mbale, ambako nako tuliwahi kufundisha. Miaka michache kabla ya shule kufungwa mwaka 2020, binti mmoja wa kidato cha pili alitujia na daftari lililojaa michoro ya watu wenye macho makubwa. Alisema: "Shikamoo, Mwalimu. Tunataka kukutana na wenzetu wa Mbale wapendao vitu hivi, lakini tumeambiwa hatuwezi kukutana bila mlezi." Tulimwuliza kwa nini ametuchagua sisi, tusiojua chochote juu ya vitu hivyo. Akajibu kwamba walimu wengine walikuwa wamekwisha kataa. Jibu hilo la kweli lilitupendeza, tukakubali.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Jinja, katika chumba cha darasa, siku ya Jumamosi. Vijana hawakutimia thelathini. Wale wa Mbale walikuja kwa teksi kwa njia ya Tirinyi, wakapita mashamba ya mpunga ya bonde la Mpologoma, wakafika wamebanana na mabawa ya maboksi mapajani. Hapo likazuka swali ambalo halikuwa la vibonzo hata kidogo: mkutano uendeshwe kwa lugha gani? Wenyeji wetu ni Wasoga, na Kisoga chao ni jirani wa Kiganda. Wa Mbale ni Wamasaaba, nao hawakuona sababu ya kusafiri mwendo wote ule ili waongozwe kwa Kiganda. Kiingereza kilijaribiwa kwa nusu saa, na kwa nusu saa hiyo wasemaji walikuwa watatu tu, wale wale wanaoshinda midahalo shuleni. Ndipo yule binti aliposema, "Basi tuseme Kiswahili, ambacho sote hatukijui vizuri."

Wenzetu, tumefundisha kwa miaka mingi na hatujasikia hoja bora zaidi ya kukitetea Kiswahili katika Uganda. Mwajua historia ya lugha hii kwetu. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na kwa muda mrefu baada ya hapo watu wengi walikihesabu kuwa lugha ya askari na ya wanyang'anyi. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, nacho kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hizi zote ni amri, na amri ina mahali pake. Lakini katika chumba kile lugha hii ilichaguliwa kwa kuwa haikumpa mtu yeyote nafasi ya kumkalia mwenziwe juu. Makosa yalikuwa mengi, na kwa kuwa yalikuwa ya wote hayakuwa aibu ya mmoja.

Kazi ya pili ilikuwa ya istilahi, na hapo mlezi asiyejua vibonzo akapata cha kufanya. Vijana walitaka jina la ile desturi ya kujivika mavazi ya mhusika na kuiga mwenendo wake. Tuliwaambia kwamba watu wa maigizo tayari wana msemo wa kuvaa uhusika, na wakaupokea kwa shangwe kana kwamba tumewazawadia. Jina la mkutano lilishindaniwa zaidi. "Kongamano" lilikataliwa kwa kuwa lanukia hotuba. "Tamasha" lilielekea kushinda, ila wazazi wa Jinja wamekuwa na wasiwasi na neno hilo tangu mwaka 2015, lilipoanza katika mji wao tamasha la muziki ambalo jina lake, Nyege Nyege, latokana na neno la Kiganda la hamu ya ghafla ya kucheza, lakini kwa Kiswahili lina maana ambayo mtu haitaji mbele ya wakwe zake. Mzazi mmoja alitujia akiwa amekasirika, akauliza kama tunataka kulea tamasha la namna hiyo la watoto. Tulimwonyesha madaftari ya michoro, tukamkaribisha aketi. Aliketi hadi jioni. Basi likachaguliwa neno "baraza", kwa kuwa barazani hukaa kila mtu, na mzazi apitaye aona yanayotendeka.

Baraza la pili lilikuwa Mbale, la tatu Jinja, na idadi ikapanda kila mara. Kisha, mwezi wa Machi 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hata tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule zake muda mrefu kuliko yetu. Walimu wenzetu wa shule za binafsi walifyatua matofali, wengine wakauza chapati. Tulipofungua milango, tuliita majina na majina mengine hayakuitikiwa. Wako wavulana waliokuwa wamekwenda kuendesha bodaboda, na wasichana waliokuwa wamebeba watoto. Yule binti aliyelianzisha baraza hakurudi. Tulimkuta sokoni akiuza nyanya na vitunguu pamoja na mama yake, na daftari la hesabu za biashara lilikuwa na mtu mwenye macho makubwa pembeni mwa kila ukurasa.

Vijana waliobaki walitaka baraza lirudi, na Mbale ikapewa zamu ya likizo ya Agosti. Mwishoni mwa Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha usiku, mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, na watu zaidi ya 20 wakafa. Tulidhani baraza litaahirishwa. Wa Mbale walituletea ujumbe kwamba wanalitaka zaidi kuliko zamani. Ndipo yule binti alipotujia shuleni, akasimama nje ya lango kwa kuwa hakuwa na sare, akauliza: "Mwalimu, mimi si mwanafunzi tena. Je, nina ruhusa ya kwenda?"

Kwa kanuni tuliyokuwa tumeiandika, hakuwa na ruhusa, kwa maana baraza lilikuwa la wanafunzi. Tuliwaita vijana tukawasomea habari za Comiket, ya kwamba huko hakuna mgeni wala mteja, bali washiriki tu. Walijadiliana, na haikuwa kazi rahisi. Mmoja alisema kwamba shule zitatunyima vyumba tukileta watu wa mitaani, na hofu hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa shule moja ilitunyima kweli. Mwishowe walilifuta neno "mwanafunzi" katika kanuni, wakaandika "mshiriki". Baraza likakutania katika ukumbi wa kukodi, na nauli ya binti ikatoka katika michango ya wote. Hatujui kama amri yoyote ya serikali ingeweza kuwafundisha maana ya neno hilo kama walivyojifunza siku ile.

Mwaka 2022 ulikuwa pia mwaka wa imbalu, kwa kuwa Wamasaaba hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na mwezi wa Agosti ndio wa kufungua sherehe katika uwanja wa Mutoto. Kijana mmoja wa Mbale alitaka kuja barazani amevaa uhusika wa mtahiriwa: shanga, ngozi na njuga, na unga mwilini. Wa Jinja walifurahi. Wa Mbale walinyamaza. Tulikwenda na kijana huyo kwa mzee wa jirani yao kuuliza. Mzee alimtazama kwa muda, akasema: "Mjukuu wangu, nguo za Wajapani ukichoka utazivua. Nguo hii huvuliwi na kuchoka, huvuliwa na kisu. Ukiivaa, umekwisha kusema." Kijana hakuivaa. Alikuja na shati lake la kawaida, akasimama mbele ya baraza, akaeleza kwa Kiswahili kwa nini hakuvaa. Hotuba yake ilikuwa fupi, na vijana wa Jinja, waliokuwa wamevaa mapanga ya maboksi, walimsikiliza kimya.

Na sasa tueleze jambo lililotufanya tushike kalamu. Adhuhuri ya siku hiyo yalitundikwa kutani maandiko ya picha yaliyochorwa na washiriki. Miaka ya awali karibu yote yalikuwa nakala: nywele za miiba, milima ya Fuji, maua ya micheri ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Safari hii palikuwa na kurasa saba zilizotengenezwa na watu wawili. Msichana wa Mbale alikuwa amechora usiku wa mafuriko: majabali ya Wanale yakimulikwa na radi, mto ukipanda, mlango, mkono, sufuria ikielea. Hakuwa ameandika neno hata moja, kwa kuwa alisema hakuyapata. Maneno yaliandikwa asubuhi ile na yule binti wa sokoni, aliyeketi naye kando na kumwuliza, mchoro kwa mchoro, kila mtu alisema nini. Katika picha ya mwisho mtoto yuko juu ya paa, na maneno yake ni mawili tu: "Bado tupo."

Tuliusahihisha ukurasa ule kwa macho, kama ilivyo desturi yetu sisi walimu, tukakuta makosa mawili ya upatanisho wa ngeli. Hatukuyataja siku ile. Tuliyataja wiki iliyofuata, naye akayarekebisha kwa kalamu yake mwenyewe, akatuuliza na sababu.

Hadithi za picha kwa Kiswahili si jambo jipya, na twapenda vijana wetu walijue hilo. Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo kwa miaka mingi, na Tanzania ilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na jarida la Sani lenye akina Ndumilakuwili. Kwa hiyo mtoto wa Jinja au wa Mbale ashikaye kalamu leo ana wazee wake katika ufundi huo, japo alielekezwa kwao na jirani wa mbali aishiye ng'ambo ya bahari.

Wako wenzetu wanaotuambia kwamba tunawapotezea vijana wakati, na kwamba utamaduni wa Kijapani utawasahaulisha wa kwao. Hofu hiyo twaiheshimu. Lakini tuliyoyaona yametuonyesha kinyume chake. Kijana yule aliuelewa uzito wa vazi la imbalu siku alipopata vazi jingine la kulilinganisha nalo. Na Kiswahili, ambacho katika darasa letu kilikuwa somo la dakika arubaini, kilipata barazani watu wenye jambo la kuambiana. Mwanafunzi husema anapokuwa na la kusema na mtu wa kumwambia. Mwalimu hawezi kumpa la kusema. Aweza kumtafutia mahali pa kulisemea na kumwachia nafasi.

Baraza lijalo ni zamu ya Jinja. Walimu wa Tororo, wa Iganga na wa Soroti wenye wanafunzi wachorao pembeni mwa madaftari, tunawasihi msiwanyang'anye madaftari hayo kabla hamjayafungua. Waleteni. Waje na waliomaliza shule, waje na walioikatiza. Sare haihitajiki, na mlangoni hakuna atakayeulizwa kidato.